Chozi wa Kamanga na Hesabu ya Sukari

Kwenye migomba ya Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, yuko ndege mdogo ambaye siku hizi wengi humwita kwa jina la mwingine. Wamemwona kwenye simu ndege mvumaji wa Amerika akining'inia hewani mbele ya ua, mabawa yake hayaonekani kwa kasi. Wakitoka uani wanakuta kindege kinachometameta, mdomo mrefu uliopinda, kichwa kimezama ndani ya ua, na wanahitimisha: ndiye huyu. Siye. Wa Kamanga ni chozi. Afrika nzima haina ndege mvumaji hata mmoja porini, na Amerika yote, kuanzia Alaska hadi ncha yake ya kusini, haina chozi.

Hata hivyo, anayewachanganya hakosei bure. Jicho lake limeona jambo la kweli, kwamba ndege wawili wasio wa ukoo mmoja wamefanana sana. Ndege mvumaji ni spishi zaidi ya 350, na ndugu zao wa karibu ni teleka, wale ndege weusi wenye mabawa marefu wanaoshinda angani mchana kutwa. Chozi ni spishi zaidi ya 140 za Afrika, Asia na Australia, nao wamo katika kundi kubwa la ndege waimbaji pamoja na shomoro na kwera. Kunguru naye yumo. Kwa ukoo, basi, chozi anayekunywa kwenye ua la mgomba yuko karibu zaidi na kunguru anayepekua mabaki ya samaki mwaloni kuliko na ndege mvumaji. Kila upande ulianza kunywa nekta kwa njia yake. Swali linalobaki ni hili: ikiwa wote wawili wanakunywa kinywaji kilekile, kwa nini mmoja huning'inia hewani na mwingine hutua?

Kwanza tumtazame huyu wa kwetu. Ukanda wa Ziwa Victoria una chozi wa aina kadhaa, lakini aliye wa ziwa hasa ni chozi kifua-chekundu, ambaye wanasayansi humwita Cinnyris erythrocercus. Makazi yake ni bonde la ziwa hili na maeneo yanayopakana nalo: kaskazini-magharibi mwa Tanzania, magharibi mwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, hadi Sudan Kusini. Hupenda kingo za maji zenye matete na mafunjo, na vichaka na bustani zisizo mbali na ufuko. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani king'aavu, chini ya koo rangi inageukia bluu na zambarau, kisha unafuata mkanda mwekundu uliokolea kifuani, halafu tumbo jeusi. Manyoya mawili ya katikati ya mkia wake yamerefuka na kuchomoza nyuma ya mengine. Jike hana mapambo hayo. Mgongo wake ni wa kahawia yenye ukijani kidogo, na chini ana manjano iliyofifia, yenye mabaka. Usimchanganye dume huyu na Chalcomitra senegalensis, ambaye naye huonekana Mwanza: huyo ana wekundu wa kuwaka kifuani juu ya mwili mweusi, ni mnene kidogo, na mkia wake ni mfupi.

Kiumbe huyu ana uzito wa gramu chache tu, na udogo huo ndio mzizi wa tabia zake karibu zote. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Una nyuso sita, kila moja sentimita za mraba 100, jumla 600. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,000. Sasa chukua mchemraba wa upande wa sentimita 1: uso wake wote ni 6, ujazo wake ni 1. Ule mkubwa una uso wa 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo, mdogo una 6, yaani mara kumi zaidi. Joto la mwili hutengenezwa ndani ya ujazo na hupotea kupitia uso. Kwa hiyo kadiri mnyama anavyokuwa mdogo, ndivyo kila gramu yake inavyopoteza joto haraka zaidi, na ndivyo inavyobidi kila gramu iunguze chakula kwa kasi zaidi ili mwili usipoe. Tembo anaweza kuahirisha mlo. Chozi hawezi kuahirisha asubuhi.

Kwa mwili wa namna hiyo hakuna chakula kinachofaa kuliko sukari iliyokwisha kuyeyushwa. Nekta ni maji yenye sukari, haihitaji kutafunwa, na utumbo wa chozi hunyonya karibu sukari yote iliyomo. Gramu 1 ya sukari hutoa kama kilokalori 4. Shida ni kwamba ua moja halikupi gramu. Linakupa tone ambalo hupimwa kwa mikrolita, na mililita 1 ina mikrolita 1,000. Mimea ina sababu zake za kuwa na mkono mgumu. Ndege akishiba kwenye ua moja hatakwenda kwenye la pili, na chavua iliyomganda usoni haitafika popote. Ua humlipa kiasi cha kumfanya arudi, bila kumshibisha.

Maisha ya mnywa nekta, basi, ni kukusanya vipande vidogo vya mapato kutoka mamia ya maua, na kila anachokitumia kufika kwenye ua kinatoka kwenye mapato hayohayo. Hapo ndipo suala la kuning'inia hewani linapokuwa zito.

Ndege hukaa angani kwa kusukuma hewa kwenda chini. Nguvu anayoipata hutegemea vitu viwili: uzito wa hewa anayoisukuma kila sekunde, na kasi anayoipa hewa hiyo. Zidisha hivyo viwili, umepata msukumo. Ukisukuma gramu 10 za hewa kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, au gramu 1 kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, msukumo ni uleule. Lakini nishati haihesabiwi hivyo. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena. Katika mfano wa kwanza ni nusu ya 10 mara 1 mara 1, yaani 5. Katika wa pili ni nusu ya 1 mara 10 mara 10, yaani 50. Msukumo sawa, gharama mara kumi. Mvuvi anayepiga kasia pana polepole, mwenzake akichapachapa kwa kijiti chembamba, anaijua sheria hii kwa mabega yake.

Sasa fikiria ndege anayeruka kwenda mbele. Kila sekunde mabawa yake hukutana na hewa mpya, nyingi, ambayo haijaguswa, kwa hiyo inatosha kuisukuma kidogo kidogo. Aliyesimama papo hapo hewani hana isipokuwa kile kiasi kidogo kilicho juu ya mabawa yake, na kwa kuwa ni kidogo, hana budi kukisukuma kwa kasi kubwa. Kuning'inia hewani ni mruko wa gharama zaidi kuliko kuruka mbele kwa mwendo wa wastani. Na kushika tawi kwa vidole, mabawa yakiwa yamekunjwa, hakugharimu karibu chochote.

Ndege mvumaji amelipa gharama hiyo kwa kubadili mwili mzima. Mifupa yake ya mkono wa juu imefupika, sehemu kubwa ya bawa ni ile ya kiganja, na kiungo cha bega kinaliruhusu bawa kupinduka linaporudi. Matokeo yake ni kwamba bawa linasukuma hewa likienda na likisukuma tena likirudi, wakati ndege wengi hupata msaada mdogo sana bawa linaporudi. Mwaka 2005 Douglas Warrick na wenzake walionyesha kwamba kwa ndege mvumaji aliyening'inia, kama asilimia 75 ya uzito wake hubebwa bawa likienda na asilimia 25 likirudi. Aina ndogo hupiga mabawa hadi mara 80 kwa sekunde, na moyo unaweza kupita mapigo 1,000 kwa dakika. Usiku wa baridi baadhi yao hushusha joto la mwili na kulala usingizi unaokaribia kuzimia, kwa sababu akiba ya sukari haiwezi kufika alfajiri kwa mwendo wa mchana. Mdogo kuliko ndege wote duniani ni wa jamii hii, na ni wa kisiwani: anaishi Cuba, dume lake halifiki hata gramu 2.

Basi, kwa nini chozi hakufuata njia hiyo? Jibu liko kwenye maua. Yatazame maua ambayo chozi huyatembelea kandokando ya ziwa. Mshubiri hutoa shina gumu lililosimama, maua yakiwa yamelizunguka. Kibobakasi hufungua maua yake mekundu juu ya vikonyo vinene. Mkungu wa mgomba una magamba ya zambarau ambayo ndege anaweza kuyashika. Kuna pia lile gugu la kando ya barabara, Leonotis, lenye shina la pembe nne na maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kuzunguka mipira yenye miiba. Shina lake ni refu na imara, na chozi hulikumbatia. Maua mengi ya ndege huko Amerika huning'inia wazi mwishoni mwa kikonyo chembamba, hayana pa kushika. Ya Afrika, kwa jumla, yana kiti. Mimea na ndege wametengenezana kwa muda mrefu: penye pa kutua, ndege hana sababu ya kulipia mruko wa gharama, na pasipo na ndege wa kuning'inia, ua lisilo na pa kutua hupata mgeni kwa shida.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Afrika Kusini. Mmea uitwao Babiana ringens huotesha maua yake karibu na ardhi, na juu yake hutoa shina tupu lisilo na ua wala tunda. Mwaka 2005 Bruce Anderson na wenzake walionyesha kazi ya shina hilo: ni kitulio cha chozi. Ndege hulishika, huinama kichwa chini na kunywa, na chavua humpaka kifuani. Shina likiondolewa, uchavushaji unadorora. Mmea umegharamia kiti kwa ajili ya mgeni wake. Kila nikilifikiria jambo hili hunishangaza upya, kwamba mche usio na macho umefika mahali pa kumjengea ndege pa kukaa, bila fundi, kwa uteuzi wa kizazi baada ya kizazi tu.

Kwamba chozi anaishi kwa hesabu si maneno ya kupamba. Hesabu hizo zimefanywa, na zilifanywa Afrika Mashariki. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu chozi mabawa-dhahabu, Drepanorhynchus reichenowi, wa nyanda za juu za Kenya. Ndege huyu hujitwalia kiwanja cha maua ya Leonotis na kuwafukuza wenzake. Viwanja vilitofautiana sana kwa ukubwa wa ardhi, lakini kila kimoja kilikuwa na maua yapatayo 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku.

Je, kufukuza kunalipa? Wapimaji walikadiria kwamba ndege aliyetulia hutumia kalori 400 kwa saa, anayekunywa kutoka ua hadi ua 1,000, na anayefukuza mvamizi 3,000. (Hizi ni kalori ndogo, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti ni kubwa mara 1,000.) Ua likiwa na mikrolita 1 ya nekta, ndege anahitaji kunywa kwa saa 8 kwa siku. Likiwa na 2, saa 4. Likiwa na 3, saa 2.7. Maua yaliyolindwa hayanyonywi na wengine, kwa hiyo hujaa zaidi. Tuseme ulinzi umeongeza nekta kutoka mikrolita 2 hadi 3. Ndege ameokoa saa 1.3 za kuhangaika, na kila saa ya kutulia badala ya kuhangaika inamwokolea kalori 600: jumla 780. Ulinzi wenyewe ulimchukua saa 0.28 kwa siku, karibu dakika 17, na kila saa ya kufukuza inamgharimu kalori 2,600 zaidi ya kutulia: jumla 728. Faida ni kalori 52. Ndogo, lakini ni faida.

Badili kidogo hali ya maua, na jibu linageuka. Kama mvua zimekuwa nzuri na kila ua lina mikrolita 4 hata bila mlinzi, ulinzi ukazifikisha 6, muda wa kunywa unashuka kutoka saa 2 hadi saa 1 na dakika 20. Ameokoa kama kalori 400, na bado ulinzi unadai 728. Hapo kugombana ni hasara. Ukimwona chozi leo anamkimbiza mwenzake kwa hasira na juma lijalo wanakunywa mti mmoja kwa amani, usiseme tabia yake imebadilika. Kilichobadilika ni kiasi kilichomo kwenye maua.

Kunywa kwenyewe kuna ufundi wake. Ulimi wa chozi umejikunja kingo zake hadi ukawa mrija, na ncha imegawanyika. Mwaka 2025 David Cuban wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha ushahidi kwamba chozi hufyonza kwa ulimi huo: huubana kwenye kaakaa, kisha huushusha, nafasi ikafunguka na nekta ikavutwa ndani. Ndege mvumaji hafanyi hivyo. Ulimi wake una mifereji miwili inayobanwa na mdomo ukitoka, ikaachiwa ndani ya nekta, ikapanuka na kujaa. Kiu moja, zana mbili tofauti kabisa.

Tuje kwenye rangi, maana wengi humpendea hiyo. Penye gati ya kivuko, tone la dizeli likisambaa juu ya maji, unaona zambarau, kijani na dhahabu ingawa dizeli yenyewe haina rangi hizo. Utando wake ni mwembamba mno. Mwanga hurudishwa na uso wake wa juu, mwingine na uso wake wa chini, na miale hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Ni rangi ipi itakayobaki, huamuliwa na unene wa utando na pembe unayotazamia. Unyoya wa kijani wa chozi unafanya hivyohivyo. Ndani ya vinyweleo vyake chembe za melanini zimepangwa kwa tabaka nyembamba zenye unene maalumu, na melanini peke yake ni nyeusi. Kijani kinatoka kwenye mpangilio. Mkanda mwekundu wa kifuani ni habari nyingine: huo ni rangi ya kemikali. Unaweza kulithibitisha mwenyewe ukiwa na darubini ya mkono. Msubiri dume ageuke: kijani kitazimika kiwe cheusi, wakati mwekundu unabaki mwekundu.

Jike halihitaji kuonekana. Kwa chozi walio wengi ndilo linalojenga kiota na kuatamia, kwa hiyo rangi ya majani makavu inalilinda. Kiota huning'inizwa kwenye kijitawi, kimesukwa kwa nyasi na nyuzi za mimea na kufungwa kwa utando wa buibui, mlango uko ubavuni, na ndani huwa na yai moja au mawili. Dume hurudi kwenye malezi makinda yakishaanguliwa, maana kazi inayofuata haiwezi kufanywa na mmoja: nekta haina protini ya kujenga mwili, hivyo makinda hulishwa wadudu na buibui. Yale mawingu ya vijidudu yanayopanda juu ya ziwa na kuwaudhi abiria wa kivuko ni riziki kubwa kwa ndege wa ufukweni.

Tofauti ya dume na jike inaweza pia kukaa kwenye mdomo badala ya rangi. Katika kisiwa cha St Lucia, bahari ya Karibi, yuko ndege mvumaji mwenye koo la zambarau, Eulampis jugularis, ambaye dume na jike wamevaa sawa. Mdomo wa jike ni mrefu na umepinda zaidi. Mwaka 2000 Ethan Temeles na wenzake walieleza sababu: madume hutawala maua mafupi ya aina moja ya Heliconia, majike hunywa kwenye aina nyingine yenye maua marefu yaliyopinda, na kila mdomo umelingana na ua lake. Heliconia ni ndugu wa mgomba. Sisi nasi tuna chozi wa kisiwani: Cinnyris pembae, ambaye makao yake ni Pemba na maeneo machache ya jirani yake. Anastahili kutazamwa kwa makini hayohayo waliyopewa ndege wa Karibi, na naona ni kumpunja, yeye na mwenzake wa Kamanga, kuwatambulisha kwa wageni kama ndege mvumaji wa Kiafrika.

Na jaribio la mwisho la hoja hii limefanywa na mmea mgeni. Nicotiana glauca, mtumbaku-mwitu wa Amerika Kusini, umeenea Afrika Kusini. Maua yake ni mirija mirefu ya manjano inayoning'inia kwenye vikonyo vyembamba, yaliyoumbwa kwa ajili ya ndege mvumaji. Mwaka 2009 Sjirk Geerts na Anton Pauw walichapisha walichokiona huko: chozi walikuja kwenye maua hayo, na kwa kuwa hapakuwa na pa kushika, walipigapiga mabawa wakaning'inia hewani na kunywa, mara kwa mara, na kuyachavusha. Kumbe uwezo walikuwa nao. Mbele ya ua lenye nekta ya kutosha na lisilo na kiti, chozi hulipia mruko wa gharama, na kwa kulipia huko anausaidia mti vamizi kuzaa mbegu katika nchi isiyo yake.